Simu ya maonyesho mezani na simu ya boksi: namna ya kuijaribu simu mpya dukani kabla hujatoa pesa

"Asalaam aleykum mtaalamu. Mimi nauza samaki hapa Tanga, soko la Deep Sea. Wateja wangu wengi ni wa hotelini na majumbani: asubuhi nawapigia picha mzigo nawatumia kwa WhatsApp, nao wananilipa kwa simu. Simu yangu imechoka, nimejibana nimefikisha laki nne na nusu. Nimeingia duka moja mjini, mezani wameweka simu za kushikashika. Nimeishika moja: kioo kinang'aa, inakimbia, picha safi. Muuzaji ananiambia ina RAM 16 na kamera 50, nitafute nini tena. Nilipomwomba anifungulie ya kwenye boksi niijaribu, akasema boksi likifunguliwa nimenunua. Jirani yangu alinunua hivyohivyo. Ya mezani ilikuwa tamu, aliyoenda nayo nyumbani baada ya miezi mitatu ikawa nzito, na juani haoni kitu. Nijaribu vipi pale dukani nisije nikajuta? Na nikihakiki simu kwa kutuma ujumbe kwenye ile namba 15090 ikajibu vizuri, si inatosha?"

Wa aleykum salaam dada yangu. Huenda jirani yako hakuibiwa. Alijaribu simu moja akanunua nyingine. Ya mezani na ya ndani ya boksi ni simu mbili, na kila moja ina swali lake. Ya mezani unaiuliza: aina hii inafaa kwa kazi yangu? Ya boksi unaiuliza: hii hasa ninayopewa ni nzima, na ndiyo yenyewe? Muuzaji wako amekuruhusu swali la kwanza akakunyima la pili. Na hata hilo la kwanza lina namna yake ya kuulizwa.

Tuanze mezani. Simu ya maonyesho huwekewa programu ya dukani: mwanga umepandishwa hadi mwisho, rangi zimekolezwa, na video inazunguka kutwa nzima. Video yenyewe imetengenezwa kioo kipendeze, bahari ya buluu, maua mekundu, usiku mweusi ti. Usiuite utapeli. Ni mpango uleule wa fungu la nyanya pale Mgandini, nyekundu zinakaa juu. Wewe chungulia za chini. Toka kwenye video, ingia mipangilio ya kioo, ondoa rangi za kukoleza, shusha mwanga hadi nusu. Kama unalinganisha simu mbili, zilaze ubavu kwa ubavu kwa mwanga sawa, fungua ukurasa uleule mweupe wenye maandishi madogo. Tofauti itakayobaki hapo ndiyo unayoilipia.

Lakini kwa kazi yako, jaribio kubwa la kioo halifanyiki ndani ya duka. Linafanyika mlangoni. Mwanga wa duka la kawaida ni kama laksi 500 hivi, na jua la saa sita mchana linafika laksi 100,000. Kioo kinachong'aa dukani, ukikitoa nje kinashindana na mwanga wa mara mia mbili, tena nusu ya vita ni ule mng'ao wa jua unaorudi machoni kutoka kwenye kioo chenyewe. Nguvu ya mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo cha LCD cha niti 450 hadi 500, na hizo juani utazikunjia uso na kuzikinga kwa kiganja kila mteja anapokutumia pesa. Kuanzia niti 1,000 hivi unasoma bila taabu. Ila soma maandishi ya boksi kwa makini: mara nyingine namba kubwa iliyoandikwa ni ya kilele, yaani kioo kinaifikia kwenye eneo dogo na kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana jicho lako mlangoni lina thamani kuliko namba.

Mwombe muuzaji mtoke pamoja hadi kizingitini. Ikiwa simu imefungwa waya, mwambie aufungue aishike yeye mwenyewe. Kabla hujatoka washa mwanga wa kujirekebisha, kwa sababu simu nyingi huufungua mwanga wao wa ziada pale tu kitambuzi kinapoliona jua. Ukiupandisha kwa kidole peke yake hufiki mwisho wake. Sasa jaribu kusoma ujumbe mfupi wenye tarakimu, kama ule wa malipo. Ukizisoma tarakimu zote bila kukinga kioo, simu hiyo imefaulu mtihani ambao ya jirani yako haikupewa.

Jaribio la pili ni la mikono yako, na wauzaji wengi hawalifikirii. Kioo cha kugusa hakihisi mkandamizo. Kimetandazwa uwanja mdogo wa umeme, na kidole kikikaribia huuvuta kidogo. Simu inapima wapi umevutwa. Maji nayo hupitisha umeme, na maji ya chumvi ndiyo hasa. Tone moja la maji ya samaki juu ya kioo linaonekana kama kidole cha pili: simu inaruka, inabonyeza isipobonyezwa, au inakataa kabisa. Baadhi ya simu za sasa zina hesabu za kutenganisha tone na kidole, nyingine hazina, na huwezi kuzijua kwa kuzitazama. Lowesha kitambaa, pangusa vidole bila kuvikausha sana, kisha andika namba ya simu ya tarakimu kumi mara tatu mfululizo. Muuzaji atakutazama kwa mshangao, mwache atazame. Hapohapo sajili alama ya kidole ikiwa simu ya maonyesho inaruhusu, uijaribu na kidole chenye unyevu. Magamba na chumvi hulainisha ngozi ya kidole, kwa hiyo tarajia ikatae mara kadhaa. Ukishanunua, sajili kidole kimoja mara mbili, kikavu na chenye maji, ikiwa simu inakubali.

Kuhusu kukimbia. Simu ya mezani inakimbia kwa sababu haina mzigo. Haina magrupu ya WhatsApp, haina picha elfu tatu za changu na tasi, haina programu zinazofanya kazi chinichini. Ndani ya simu kuna sehemu mbili ambazo watu huziita zote memori. RAM ni meza ya kazi: kadiri ilivyo pana ndivyo programu nyingi zinavyokaa wazi kwa pamoja. Hifadhi ni stoo, ndizo zile GB 64 au 128. Muuzaji akisema "RAM 16", muulize: ya kweli ni ngapi? Mara nyingi ni 8 ya kweli na 8 ya kuazima, na zipo zilizo 4 ya kweli na 12 ya kuazima. Hiyo ya kuazima inakatwa kutoka kwenye stoo, na stoo ni nzito kuliko RAM kwa mbali. Ni sawa na kuambiwa meza yako ni kubwa kwa kuwa sakafu nayo inahesabiwa. Jibu lake lipo kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, ambako huandikwa kwa mtindo wa 8+8 au 4+12. Hesabu ile ya kwanza tu.

Jaribio lake ni hili. Fungua kamera, kivinjari chenye ukurasa mrefu, ramani, YouTube na kikokotoo, moja baada ya nyingine, halafu rudi kwenye kivinjari. Ukikikuta palepale ulipokiacha, meza inatosha. Kikianza kujifungua upya, meza imejaa kwa programu tano tu, na wewe kila siku utakuwa na zaidi. Uzito wa miezi mitatu wa simu ya jirani yako huenda pia ulitoka stoo: hifadhi ya simu ikikaribia kujaa, kila kuandika kitu kipya kunadai kwanza kusafisha nafasi, na simu nzima inasubiri. Kumbuka vilevile kwamba mfumo wenyewe unakula GB nyingi kabla hujaweka hata picha moja. Kwa kazi ya picha kila siku, usichukue chini ya GB 128. Kati ya RAM 6 ya kweli yenye hifadhi ya 128 na RAM "16" ya 4+12 yenye hifadhi ya 64, mimi ningekushauri ya kwanza bila kusita.

Kamera nitaipitia haraka, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kamera ya megapikseli 50, yaani nukta milioni 50, kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5 hivi, ni mbinu halali ya kukusanya mwanga. Kinachoamua uzuri ni ukubwa wa kitambuzi na ubora wa lenzi, vitu ambavyo havikuandikwa mgongoni mwa simu. Tena WhatsApp inaibana picha kabla ya kuituma, hivyo mteja wako hawezi kutofautisha 50 na 108. Usipige picha ya maua ya plastiki yaliyowekwa kaunta. Piga kiganja chako chini ya meza penye kiza, kisha mwombe mtu atikise mkono upige tena, halafu ikuze picha uangalie pembe zake. Picha ikiwa ukungu penye kiza, na alfajiri pale mnadani itakuwa hivyohivyo. Vile vilenzi vidogo vya pembeni viziba kwa kidole kimoja kimoja huku kamera imewashwa. Usishangae ukiona viwili havibadilishi chochote.

Jambo moja kabla hatujaiacha meza. Ukiambiwa "chukua hiihii ya mezani nikupunguzie," kataa. Betri yake imekaa kwenye chaja kutwa kucha ikiwa imejaa na ina joto, hali inayoizeesha upesi. Kioo chake, hasa kikiwa AMOLED, aina ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe, kinaweza kuwa kimeganda kivuli cha ile video. Na baadhi ya simu za maonyesho zimefungwa kwenye hali ya dukani kiasi kwamba hata laini hazipokei.

Sasa boksi. Muuzaji anayesema "likifunguliwa umenunua" ana sababu: boksi lililofunguliwa linashuka bei. Kwa hiyo usimwombe akufungulie ujaribu tu, mpe mapatano. Malizaneni bei kwanza, mwonyeshe pesa ipo, kisha mkubaliane: anafungua mbele yako, unaikagua kwa dakika kumi na tano, ikiwa nzima unalipa papo hapo, ikiwa na kasoro anakupa nyingine ya aina ileile. Nawe ushike ahadi, usiikatae kwa sababu rangi imekuchosha. Muuzaji anayekataa hata hilo mwache. Kuanzia mjini hadi barabara za namba za Ngamiani maduka ya simu hayahesabiki.

Usidanganywe na nailoni iliyobana boksi. Mashine ya kubana nailoni kwa joto si kitu adimu, na boksi lililofunguliwa linaweza kuvishwa upya. Kinachosema ukweli ni namba. Kabla halijafunguliwa, soma stika: jina la modeli, RAM, hifadhi na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Ikishawaka, bonyeza *#06# na ulinganishe na stika tarakimu kwa tarakimu. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, linganisha zote.

Hapo ndipo inapoingia 15090. Mfumo huu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unaoutumia IMEI nao unakujibu, ulijulikana sana simu bandia zilipozimwa Juni 2016, na bado ni hatua nzuri, lakini peke yake hautoshi. IMEI ni namba ya tarakimu 15. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu, zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Mtengenezaji wa simu bandia anaweza kunakili IMEI ya simu halali akaibandika kwenye yake, na ukiuliza unajibiwa kuhusu ile halali. Kwa hiyo usiishie kuona umejibiwa. Soma jibu limetaja kampuni gani na modeli gani, na kama ndiyo iliyo mkononi mwako. Likitaja modeli nyingine, rudisha boksi kaunta na uage kwa adabu.

Kipo kipimo cha pili kisichoegemea namba ya kunakiliwa. Iunganishe na hotspoti ya simu yako ya zamani, weka akaunti yako ya Google, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio kisha sehemu ya kuhusu. Chini yake utaona kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Simu nyingi bandia zinazojidai kuwa za kampuni kubwa huanguka hapo. Ukiishia kuikataa simu, futa akaunti yako kabla hujaondoka.

Wakati intaneti imewaka, tazama kama simu inajieleza kuwa inasimamiwa na kampuni fulani, au ukichungulia orodha ya programu zenye mamlaka ya usimamizi wa kifaa unakuta jina usilolijua. Simu za mkopo hufungwa kwa programu ya namna hiyo. Mnunuzi wa kwanza akiacha kulipa, simu inazimwa kwa mbali, hata kama wewe ulilipa taslimu. Kufuta kila kitu na kuanza upya mara nyingi hakuiondoi. Hii ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko ufa wa kioo, maana ufa unatengenezeka.

Weka laini yako, nafasi ya kwanza kisha ya pili. Piga simu, mwombe anayepokea akuambie kama sauti yako inakwaruza, nawe sikiliza spika mlangoni penye kelele za bodaboda, kwa kuwa Deep Sea hakuna kimya. Angalia 4G inatokea. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au nchi nyingine zinaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumika Tanzania. Zinakamata mjini, ukienda Pangani zinarudi nyuma hadi 2G. Kwenye orodha ya masafa ya 4G tafuta bendi 3, 20 na 28. Kwenye simu zenye nafasi ya pamoja, laini ya pili na kadi ya memori hugombea tundu moja. Kama una laini mbili za kupokelea malipo, hilo lijue kabla.

Kioo: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute nukta iliyokufa au doa la njano pembeni. Shika alama ya programu moja uiburute polepole ukizungusha kioo chote, pembe hadi pembe. Ikiachia njiani mahali palepale mara mbili, hapo mguso umekufa. Kwa Samsung bonyeza *#0*# upate ukurasa wa kujaribu rangi, mguso, spika na mtetemo kwa pamoja. Chomeka chaja ya boksi dakika tano, utikise waya kidogo: chaji isikatike. Rekodi sauti, washa tochi, jaribu kamera ya mbele. Ukiambiwa ukaichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuitumia, itikia tu. Ushauri huo ni wa betri za zamani za nikeli, za leo za lithiamu hazihitaji.

Kwenye malipo, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uombe IMEI iandikwe kwenye risiti au kwenye kadi ya waranti yenye mhuri. Bila namba hiyo hakuna kinachothibitisha simu iliyoharibika ndiyo uliyouziwa. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe kupita kiasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa bidhaa ya muuzaji wa biashara hiyo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, na bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ifanane na sampuli yake. Ila sheria hiyohiyo haikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulitakiwa kuiona, ndiyo maana zile dakika kumi na tano uzitumie kweli. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia; nenda na boksi na risiti.

Yapo mambo ambayo duka haliwezi kukuonyesha, na betri ndiyo ya kwanza. Itumie kwa nguvu juma la kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka. Ikizima ghafla ikiwa na asilimia 20 au 30, ikiunguza mkono bila kuchajiwa, au mgongo ukianza kuinuka, acha kuichaji na uipeleke dukani au kituo cha huduma cha kampuni husika siku hiyohiyo. Usimpe fundi wa mtaani aifungue ikiwa ndani ya waranti, hata kama ni fundi hodari. Ikifunguliwa tu, waranti imekwenda. Laini ikikataa kusajili mtandao huku kwenye simu nyingine inafanya kazi, nenda nayo ofisi ya mtandao wako waitazame kabla hujamlaumu muuzaji.

Kuhusu maji, kwa laki nne na nusu pengine utapata simu yenye alama ya IP54, yaani inavumilia vumbi kiasi na matone ya kurushiwa. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na waranti nyingi hazilipi simu iliyoingia maji hata kama alama hiyo imeandikwa kwenye boksi. Tenga elfu chache katika bajeti yako kwa mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, na uende nao dukani uone kama kioo kinahisi kidole kikiwa ndani yake. Na ukienda, usiende jioni watu wamejazana na jua limekwisha. Nenda saa sita mchana ukitoka sokoni, mikono ikiwa bado na ubichi wake.